Livepatch kwenye seva ya darasa letu Ngamiani: uzoefu wangu

Kama una seva inayotumiwa na watu wengi na haipati muda wa kupumzika, Livepatch ya Ubuntu (mfumo wa uendeshaji wa familia ya Linux) ni huduma ya kuiweka leo, usingoje kesho: inaziba matundu ya usalama ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, bila kuzima mashine. Nasema hivyo baada ya kuitumia kwenye kituo chetu cha kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, ambako seva moja ya Ubuntu 22.04 inabeba akaunti za wanafunzi wote, mafaili yao na printa.

Shida yetu ilikuwa muda. Apdeti ya kerneli ikija, kuipakua hakutoshi. Mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya ndipo kerneli mpya ianze kazi. Asubuhi kuna darasa, mchana watu wanaingia kuchapa barua za maombi ya kazi, jioni darasa tena. Basi kiraka kinakaa kwenye diski, na kerneli yenye tundu ndiyo inayoendelea kuhudumia watu.

Kwenye mashine ya watu wengi matundu haya si jambo dogo. Mengi yanamtaka mshambuliaji awe tayari na akaunti ndani, hata ya kawaida kabisa, na sisi kila darasa jipya likianza tunagawa akaunti. Chukulia tundu la kerneli liitwalo Dirty Pipe, lililotangazwa Machi 2022. Mtumiaji wa kawaida aliweza kuandika juu ya faili aliloruhusiwa kulisoma tu, na kwa njia hiyo akajipa mamlaka ya msimamizi mkuu. Aliyeligundua ni mtaalamu wa programu Max Kellermann, na alianzia mbali: faili za kumbukumbu za seva zilikuwa zikiharibika kidogo tu mwishoni, naye akafuatilia hadi akafika ndani ya kerneli. Faili bovu kama hilo wengi hulifuta wakaendelea na kazi. Namheshimu sana mtu asiyeliacha. Na matundu haya hukaa muda mrefu: jingine la aina hiyo, Dirty COW, lililozibwa Oktoba 2016, lilikuwamo kwenye kerneli tangu 2007.

Kuiweka Livepatch hakuna ugumu. Unafungua akaunti ya Ubuntu Pro (huduma ya usalama ya Ubuntu), ambayo kwa matumizi binafsi ni bure hadi mashine 5, unapewa tokeni (msimbo wa kukutambulisha), kisha kwenye seva unaandika "sudo pro attach" ukifuatisha tokeni hiyo. Kuanzia hapo viraka vinakuja vyenyewe, mradi intaneti ipo.

Ndani yake kuna kazi ya kupendeza. Kiraka huja kama moduli ya kerneli (kipande kinachoongezwa ikiwa inaendelea kufanya kazi) yenye toleo lililorekebishwa la ile funksheni, yaani sehemu ya programu, yenye kasoro. Kila funksheni ya zamani inapoitwa, kerneli inaelekeza mwito kwenye ile mpya, na ya zamani inabaki kwenye memori bila kutumika. Fundi anaziba tundu chombo kikiwa majini, abiria wamo. Lakini siku ya kukipandisha mchangani na kukikalafati sawasawa lazima ifike, kwa sababu kiraka hiki hukaa kwenye memori tu, na kila kerneli ina muda wake wa kuhudumiwa na Livepatch. Ukipita, unatakiwa kuhamia kerneli mpya na kuwasha upya.

Kijana mmoja wa darasa la jioni aliniuliza, "Kaka, kama imezibwa, mbona uname inaonyesha namba ileile?" Swali zuri, na wengi watalikuta. Amri ya "uname -r" hutaja kerneli iliyowashwa, na hiyo haijabadilika. Ukweli wa viraka uko kwenye "canonical-livepatch status", ambako utaona kama kerneli yako bado inahudumiwa na kama viraka vyote vinavyohusika vimeingia. Nimewafundisha vijana wanaonisaidia waisome hiyo kila wanapofungua kituo.

Mambo mawili uyajue kabla. Watumiaji wa bure huwa miongoni mwa wa kwanza kupokea viraka vipya, kabla ya wanaolipa, na mfumo wenyewe unakuandikia kwamba mashine yako inashiriki kuvijaribu. Mimi nimeridhika nalo, kwani napata kinga mapema, ila mwenye seva ya hospitali au ya benki alifikirie vizuri. La pili, Livepatch inashughulika na kerneli peke yake, na hasa mianya mikubwa na ya hatari. OpenSSL (programu ya kusimba mawasiliano), kivinjari na programu nyingine zinahitaji apdeti za kawaida, kwa hiyo "apt upgrade" hatujaiacha.

Kuwasha upya bado tunawasha, Jumapili usiku darasa likiwa limefungwa, na siku hiyo ndiyo kerneli mpya inaingia. Mwenye laptop anayoizima kila usiku hapati faida kubwa hapa: akisakinisha apdeti zake, kesho yake anaamka na kerneli iliyozibwa tayari.