Miezi sita na stendi ya kupigia: kilichowasaidia wachezaji wangu wa softiboli na kilichobaki kwangu kukitafuta

Nafundisha timu ya wasichana wa softiboli (mchezo wa gongo na mpira, ndugu wa besiboli) wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Msimu uliopita upigaji ulitutesa. Tulidaka vizuri na tulirusha vizuri, lakini zamu yetu ya kupiga ikifika, wachezaji walikwenda kwenye besi ya nyumbani, yaani mahali pa kupigia, mmoja baada ya mwingine na kurudi benchi vichwa chini, straiki tatu (nafasi tatu zilizopotea, ambazo humtoa mpigaji) na gongo halijagusa kitu. Ndipo nikanunua seti ya mazoezi ya kupiga: stendi ya kuwekea mpira, wavu wa kukunja, mfuko wa mipira ya plastiki yenye matundu, mipira sita yenye alama za rangi, na video za mazoezi ya wiki nane. Kampuni sitaitaja. Seti za namna hii zinafanana sana, na ninachotaka kueleza kinahusu matumizi yake kuliko nembo iliyobandikwa juu. Tumeitumia kwa miezi sita, mara tatu kwa wiki, wachezaji 14.

Stendi ndiyo iliyonifanya ninunue, na ndiyo tuliyoitumia kuliko kitu kingine chochote. Ni bomba mbili, moja ndani ya nyingine, juu kuna kikombe cha raba cha kukalisha mpira na chini kuna kitako kizito. Uzito huo wa kitako ni sifa kubwa. Nimewahi kutumia stendi nyepesi ambazo kila pigo huziangusha, na nusu ya muda wa mazoezi inaishia kwenye kuinama na kuzisimamisha. Hii haikuanguka hata mara moja. Kikombe nacho kilikuwa laini kiasi kwamba gongo likipita chini kidogo ya mpira mchezaji haumii mikono wala haogopi kupiga kwa nguvu zake zote.

Ila mwezi wa nne kikombe kilichanika. Niliandikia kampuni, nikakaa wiki mbili bila jibu, kisha nikaambiwa kwamba dhamana haihusu sehemu za raba. Hilo liliniudhi, kwa kuwa raba ndiyo sehemu pekee inayopigwa kila siku. Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikakizungusha juu ya bomba na kukikaza kwa waya, na hadi leo kinafanya kazi.

Kasoro nyingine ni urefu. Bomba haishuki vya kutosha. Mwisho wa chini wa eneo la straiki, lile ambamo mpira uliorushwa huhesabiwa straiki hata usipopigwa, ni magotini, na stendi hii hata ikishushwa kabisa, kwa mchezaji wangu mfupi zaidi mpira unakaa juu ya goti lake. Kwa hiyo mpira wa chini, ambao warushaji hupenda kuutumia kwa wachezaji wadogo, hatukuweza kuufanyia mazoezi mpaka tulipoiacha stendi na kurusha kwa mkono. Kabla ya kununua, pima kutoka ardhini hadi goti la mchezaji wako mfupi kuliko wote, kisha uliza stendi inashuka hadi wapi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo video hazikulieleza vizuri. Zoezi la kwanza linaonyesha stendi imewekwa katikati ya besi ya nyumbani na mchezaji amesimama sambamba nayo. Wachezaji wangu walifuata hivyo kwa wiki nzima, na mipira ikawa inakwenda faulo, yaani nje ya mistari ya uwanja, au inatambaa ardhini kwa unyonge. Nilikaa nikawatazama kutoka ubavuni ndipo nikaona: mpira wa katikati unatakiwa kugongwa mbele, karibu na usawa wa mguu wa mbele, wala si mbele ya kitovu. Mpira wa ndani, ule unaokuja karibu na mwili, hugongwa mbele zaidi ya hapo, kwa sababu nyonga lazima ziwe zimekwisha kufunguka ili mikono ipate njia. Mpira wa nje unaachwa uingie ndani zaidi, na unapelekwa upande wa pili wa uwanja. Yaani hakuna sehemu moja ya kugonga mpira, kuna tatu, na stendi inabidi ihamishwe kwa kila moja.

Tulichora alama tatu kwa chokaa. Mchezaji anapiga mitano ndani, mitano katikati, mitano nje, na kila mara miguu yake inabaki palepale alipoanzia. Kinachohama ni stendi. Nililisisitiza hili sana, kwa sababu mtoto akiachiwa atausogelea mpira mpaka uwe mahali anapopapenda, na mrushaji wa mechi hatamfanyia hisani hiyo. Baada ya wiki mbili nilianza kusikia mlio tofauti wa gongo. Aliyewahi kufundisha kupiga anaujua mlio huo, hauhitaji maelezo.

Kati ya mazoezi mengine ya video, mawili yalinilipa gharama yote. La kwanza ni la mkono mmoja kwa gongo fupi: mchezaji anapiga mipira ya matundu kwa mkono wa chini peke yake, kisha wa juu peke yake. Linamfichua papo hapo anayetupa gongo kwa mabega badala ya kuliongoza kwa mikono, na mipira ile ya plastiki ni myepesi hivyo haimchoshi. La pili ni la kusimama karibu na uzio, umbali wa urefu wa gongo, kitako cha gongo kikiwa kitovuni na ncha ikigusa uzio. Anazungusha gongo polepole bila mpira. Anayefagia kwa mzunguko mpana atakwaruza uzio. Anayeweka mikono karibu na mwili atapita salama. Sikuhitaji kusema neno. Uzio ulimwambia kila kitu, na msichana mmoja aliyekuwa amenigomea miezi mingi kuhusu mikono yake alijirekebisha mwenyewe kwa siku tatu. Mazoezi ya kupiga magoti na ya kuruka kwa mguu mmoja tuliyajaribu tukayaacha.

Mwisho wa wiki ya tano wote walikuwa wanapiga vizuri kwenye wavu. Nilifurahi, wazazi walifurahi. Tukacheza mechi ya kirafiki na straiki tatu zikarudi kama zamani.

Ile jioni sikuwalaumu wachezaji, na nashukuru kwamba sikufanya hivyo. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Mrushaji wa softiboli husimama mita 13.11 kutoka besi ya nyumbani, na kwa wadogo wa chini ya miaka 12 kwa kawaida ni mita 12.19. Anapoachia mpira huwa ameshapiga hatua ndefu mbele, kwa hiyo safari halisi ya mpira ni kama mita 11. Mrushaji wa umri huu akirusha kwa kilomita 80 kwa saa, mpira unafika kwa karibu nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo mchezaji auone mpira, atambue ni wa kasi au wa polepole, wa juu au wa chini, aamue, kisha azungushe gongo. Stendi inamfundisha kuzungusha tu. Mpira uliotulia juu ya bomba haumdai jicho chochote.

Nilikumbuka pia kisa cha mwaka 2004, pale Jennie Finch, mrushaji wa timu ya taifa ya Marekani ya softiboli, alipomtoa kwa straiki Albert Pujols, mmoja wa wapigaji hodari kabisa wa besiboli wa wakati ule. Pujols hakupungukiwa nguvu wala ufundi wa kuzungusha gongo. Macho yake yalikuwa yamezoea mpira unaotoka juu ya bega, kwenye kilima kidogo anaposimama mrushaji wa besiboli, ukishuka. Mpira wa softiboli huachiwa karibu na nyonga na hufika ukiwa umenyooka zaidi, wakati mwingine ukipanda. Alama zote alizojifunza kuzisoma kwenye mwili wa mrushaji hazikumfaa. Kama yeye yalimkuta hayo, msichana wa miaka 13 aliyekaa wiki tano akipiga mpira usiosogea angefanya nini?

Ndipo nikaitoa mipira sita ya rangi, ambayo ilikuwa bado imefungwa kwenye mfuko wake. Kila mmoja una doa jekundu, la bluu au la kijani. Video inaitaja kwa dakika chache mwishoni mwa wiki ya nane, kama nyongeza. Kwangu ndiyo iliyogeuza mambo. Mchezaji anasimama na gongo, hapigi. Mimi narusha, yeye anataja rangi kabla mpira haujafika. Siku ya kwanza wengi walikuwa wanabahatisha. Niligundua kwamba walikuwa wanauangalia uso wangu, au mkono wangu unapoanza kuzunguka, na mpira wanaupata ukiwa umefika nusu ya njia. Niliwaambia waangalie nyonga yangu, pale mkono unapopita, wausubiri mpira utokee hapo. Kwa mipira kumi ya kutazama tu mwanzoni mwa kila zoezi, wiki ya tatu walikuwa wanataja rangi mapema na kuongeza wenyewe, "Kocha, huo ulikuwa wa nje."

Kurusha kwenyewe kunahitaji mpango. Sina mkono wa kurusha kilomita 80 kwa saa, na si lazima kuwa nao. Nikikaa mita 6 na kurusha kwa chini kama kilomita 45 kwa saa, mpira unamfikia mchezaji kwa muda uleule wa karibu nusu sekunde. Lakini kaa nyuma ya wavu wa kinga wa kweli, wenye fremu ya chuma. Wavu wa kukunja uliokuja na seti usiutumie kwa kazi hii hata siku moja. Ni mwepesi, fremu yake inapinda, na mpira wa softiboli wa kawaida una uzito wa gramu 178 hadi 198; ukirudi usoni kwa kasi ya gongo utaumiza vibaya. Wavu ule ni wa kupokea mipira ya kutoka kwenye stendi, na kwa hilo unafaa, ingawa mishono ya pembeni ilianza kufumuka mwezi wa tatu. Mchezaji naye avae kofia ngumu wakati wote, hata kama anatazama tu.

Badiliko la mwisho lilinipa shida kulikubali. Video zinapanga mipira kwa makundi: 15 ya kasi, kisha 15 ya polepole, kisha 15 ya kupinda. Wachezaji wanapenda mpango huo kwa sababu ifikapo mpira wa tano wanaupiga vizuri na kujisikia hodari. Kuna utafiti wa mwaka 1994 uliofanywa kwa wachezaji 30 wa besiboli wa vyuo vya Marekani: kundi moja lilipiga kwa makundi namna hiyo, lingine lilipewa mipira ileile kwa mchanganyiko, na la tatu halikupewa mazoezi ya ziada. Baada ya wiki sita waliopewa mchanganyiko waliongezeka zaidi ya mara mbili ya waliopiga kwa makundi. Nikaanza kuchanganya. Mazoezi yakaonekana mabaya, mipira mingi ikikosewa, na mzazi mmoja akanijia kwa upole akasema, "Mwalimu, mbona watoto wamerudi nyuma?" Nilimweleza kwamba kwenye mechi hakuna mrushaji atakayetangaza anachorusha, nikamwomba mwezi mmoja. Alinipa.

Mechi ya kwanza baada ya mwezi huo tulipoteza, lakini kila mchezaji aliyesimama kupiga aligusa mpira angalau mara moja. Msichana wangu wa miaka 13, yule wa uzio, aliuacha mpira wa polepole uingie ndani kabisa na kuupeleka upande wa kulia kwa mstari ulionyooka, juu ya kichwa cha mdakaji wa besi ya kwanza. Alipofika besi ya kwanza alinitazama na kuniinulia vidole viwili, ishara yetu ya rangi ya bluu. Nilishindwa kuzuia machozi.

Kwa anayefikiria kununua: kama wachezaji wako bado hawajui kuzungusha gongo, stendi nzito yenye kushuka chini ya goti ni ununuzi mzuri, na unaweza kuanza nayo peke yake. Mipira ya matundu nunua mingi, inapasuka. Mipira ya rangi si lazima uinunue, kwani mimi nimeongeza 12 kwa kupaka rangi mipira ya zamani, na madoa makubwa kama sarafu yanaonekana vizuri kuliko yale ya kiwandani. Kwa wanaotumia mpira mdogo wa inchi 11 (huo ni mzingo wake), hakikisha kikombe cha stendi kinaushika. Cha kwangu kilikuwa kipana, na mpira huo ulizama ndani yake mpaka gongo likawa linagonga raba kwanza. Video nazitumia kuonyesha mikono na nyonga tu, kwa kasi ndogo. Mpangilio wa wiki nane nimeuacha kabisa: tunaanza na macho siku ya kwanza, stendi inafuata, na mchanganyiko unaingia wiki ya pili.