Kizimba cha plastiki cha kumsafirishia mbwa kwa ndege: kizuri, ila vibanio vyake vitupe

Kizimba hiki cha vipande viwili chenye mlango wa chuma huuzwa na vibanio vya plastiki. Udhaifu uko hapo: kikigongwa na mizigo hufyatuka, na kaunta wanaweza kukukatalia. Ving'oe, funga bolti na nati za chuma kila tundu. Magurudumu nayo yatoe.

Neno "kubwa" kwenye boksi lisikudanganye. Mpime mbwa amesimama: pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya kimo cha sakafuni hadi kiwiko. Sentimita 70 na kiwiko cha 30 ni urefu wa ndani wa 85. Upana ni mabega mara mbili. Kimo, ncha ya masikio pamoja na unene wa tandiko.

Hewa inapita pande zote nne. Bakuli ndilo bovu, halijazwi bila kufungua mlango. Nunua la kuning'iniza.

Ukienda nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Kenya au Tanzania, chipu ya utambulisho (inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa) hutangulia chanjo ya kichaa cha mbwa. Angalau siku 30 baada ya chanjo, damu hutolewa na kupimwa kingamwili, kisha unangoja miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Chanjo ikitangulia chipu, unaanza upya.