Fundi wa Birere aliyeniambia "gusa hapa": kompyuta yangu iliyokuwa ikizimika

Mimi huchapa TFC, zile kazi za kumaliza masomo ya chuo, za wanafunzi nyumbani kwangu Katoyi, mtaa wa Goma. Wakikaribia siku ya kutetea, meza yangu haipumziki, na ndipo kompyuta ilipoanza kunizimikia. Haikuaga. Skrini nyeusi, feni kimya, kama kuna mtu kachomoa waya. Mara ya kwanza nilisingizia umeme, maana hapa Goma kitu kikizimika umeme ndio mshitakiwa wa kwanza. Lakini balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu, na stabilizatere, kile kifaa cha kutuliza umeme, ilikuwa inaonyesha kijani.

Joto sikulifikiria kabisa. Tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, jioni tunatoka na koti. Hii si Kindu wala Kisangani kwenye joto. Nani atadhani kuna kitu kinachemka chini ya meza?

Fundi wa kwanza, wa karibu na nyumbani, alipuliza vumbi, akang'oa feni akaifuta, akairudisha. Nililipa nikashukuru. Kabla ya hapo ilikuwa inazimika baada ya nusu saa. Baada ya matengenezo yake ikawa dakika nne! Nilipomrudia hakuifungua hata kidogo, akasema tu kadi mama, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, nitafute dola 80 ya kununua nyingine. Nikabeba mashine yangu nikaondoka.

Mama mmoja tunayesali pamoja ndiye aliyenielekeza Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kwa kijana mwenye kibanda chembamba kati ya wauza chaja na wauza vitenge. Huyu ndiye ninayeandika maoni haya juu yake, ya kumpa nyota.

Kabla ya kushika bisibisi aliuliza. "Mama, inazimika ghafla, ao inaandika kwanza maneno kwenye skrini ya buluu?" Ghafla. "Ukiiwasha palepale, inakubali?" Inakubali, ila inazimika upesi zaidi. Akatikisa kichwa. Ingekuwa ni kadi mama iliyoungua, akasema, isingekubali kuwaka kila mara hivyo. Hii inazimika upesi kwa sababu haijapewa muda wa kupoa.

Akaunganisha skrini yake, akaingia kwenye ile menyu ya mwanzo, kabla ya Windows, panapoandikwa joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Tukasimama kutazama. 78. 84. 91. Dakika mbili hazijaisha. Yangu ni Intel Core i5 ya zamani kidogo. Ikikaribia digrii 100 hujipunguzia mwendo, na ikizidiwa hujikatia umeme ili isiungue. Kumbe kuzimika kule, kulikonitoa machozi na kunipotezea kurasa za watu, ndiko kulikuwa kunaiokoa.

Halafu akaniambia: "Mama, gusa hapa, pembeni, usiguse feni." Nikaweka kidole kwenye kile chuma cha mapezi kinachokalia prosesa. Baridi. Baridi kama sahani iliyooshwa jana. Skrini inasema 91, chuma kinasema hakuna habari. Akacheka alipoona uso wangu. Chuma kile kazi yake ni kunyonya joto la prosesa ili feni ilipeperushe. Kingekuwa cha moto sana, tungesema feni imechoka ama vumbi limeziba. Kikiwa baridi wakati prosesa inaungua, maana yake havigusani.

Na kweli. Kile chuma na feni yake hushikwa na miguu minne ya plastiki, unaikandamiza mpaka ilie "ta". Mitatu ilikuwa imeingia, wa nne umesimama juu juu tu. Sitamtaja aliyeufunga. Pati, ile dawa ya kupitisha joto katikati, ilikuwa imekauka inapukutika kama chaki. Alipong'oa feni yule wa kwanza hakuweka mpya. Kijana akafuta kwa alkoli, akaweka tone dogo kama punje ya hindi, akakandamiza miguu kwa kupishana pembe kwa pembe, nikahesabu ta nne. Ikatulia kwenye 41. Akaiachia video saa nzima, haikupita 63.

Vumbi nalo alinisema, na alikuwa na haki. La kwetu si lile jekundu la Bukavu. Ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magari na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, jeusi, lina makali, na likichanganyika na moshi wa mbabula ya makaa linaganda kwenye mapezi kama blanketi. Mimi nilikuwa nimeiweka chini sakafuni, mfuniko wa ubavuni wazi "ipate hewa". Ilikuwa inapata vumbi. Sasa imefungwa na iko juu ya kigoda.

Nyota ya tano sikumpa. Aliniambia "kesho asubuhi" ikawa siku nne. Kweli, siku ya pili ilianza kuandika yale maneno ya buluu, akagundua barete moja ya RAM, yaani kijiti cha kumbukumbu ya kompyuta, ni mbovu. Alianza kwa kusugua meno ya dhahabu ya barete hiyo kwa raba ya mwanafunzi, kisha akaacha programu ya kupima kumbukumbu usiku kucha, barete moja moja, ili asibahatishe. Kazi safi. Lakini alinunua nyingine ya GB 4 bila kunipigia simu, na nilipofika nikakuta deni la dola 12 juu ya zile 10 tulizopatana. Hiyo barete ni ya okazyo pia, si mpya, na garantii yake ni ya mdomo, wiki moja, bila karatasi. Nilinung'unika, akashusha dola 2, na ile mbovu akanipa mkononi bila kuombwa, nione kwamba haikubaki kwake.

Wiki ya sita hii, haijazimika hata mara moja, isipokuwa umeme ulipokatika kweli.

Ukienda, fika asubuhi kabla foleni haijajaa, patana naye kwamba asinunue chochote bila simu yako, na kagua noti zako. Yangu ya dola 20 aliigeuza mara tatu kwenye jua, akaona katundu kadogo kama ncha ya sindano, akanirudishia.