Kliniki ya njiti kwa video: uzoefu wetu, na yule daktari wa kwenye gari

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Kama una njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na umeambiwa kliniki ya video itakupunguzia safari, soma kwanza.

Binti yetu alizaliwa wiki ya 29, gramu 1,200. Tuliporuhusiwa tukashauriwa tujiunge, maana kutoka Chanika hadi mjini na mtoto yuko kifuani, ndani ya daladala ya asubuhi, watu wanakohoa kila upande, ni kumtafutia maradhi. Kwenye hilo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na daktari mmoja. Juzijuzi tulikuwa na miadi. Bando tumenunua, mtoto tumempima uzito zahanati ya jirani, bibi yake amezima redio. Simu inaunganishwa, tunaona paa la gari. Daktari anaendesha! Honi zinalia, na yeye anasikika kwa mbali: "Mlazeni. Mgeuzeni. Ana miezi mingapi?" Mke wangu akamjibu, mitano. "Mitano na shingo bado? Mama, huyu mtoto mnamwangalia kweli?"

Faili analo! Limeandikwa wiki 29. Njiti hahesabiwi hivyo, hata sisi tusiosomea udaktari tulifundishwa wodini: unatoa zile wiki alizowahi. Wetu aliwahi wiki 11, kwa hiyo kwenye mambo ya shingo, kucheka na kukaa, huyu ni mtoto wa miezi miwili na nusu hivi, na wa umri huo shingo kuyumba ni kawaida. Chanjo ndizo zinazofuata tarehe halisi ya kuzaliwa. Hilo ni somo la kwanza kabisa la njiti, na kliniki yenyewe inajiita ya njiti.

Mke wangu hakulala. Usiku kucha anamnyanyua mtoto, anamlaza, anaitazama shingo. Mtu aliyembeba kangaruu, kifuani ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, aliyekamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe tone kwa tone, ndiye wa kuulizwa kama anamwangalia mtoto? Na anayeuliza macho yako barabarani!

Nikalalamika. Nikajibiwa kwa meseji kwamba maoni yangu yanathaminiwa. Hela haikurudi.

Kwa hiyo msijiunge. Nilitaka kuishia hapo, ila mke wangu amesoma nyuma yangu, anasema namdhulumu yule nesi wa kliniki hiyo hiyo.

Haya, nesi. Kipindi cha mvua, barabara yetu imekuwa mto, mtoto akaanza kupumua ajabu: haraka haraka, anatulia kidogo, anaanza tena. Nesi alitupigia video mwenyewe. Akasema mfungueni nguo, msogezeni kwenye mwanga, baba shika simu usitikisike. Tukahesabu pumzi naye dakika nzima. Hazikufika 60. Akaangalia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu, hakibonyei. Akatueleza kwamba njiti wengi hupumua hivyo, wanapumzika sekunde chache kisha wanaendelea. Halafu akawa mkali: pumzi zikifika 60, kifua kikibonyea, akigoma kunyonya au midomo ikigeuka bluu, "msinipigie mimi, mkimbizeni hospitali." Picha iliganda mara kadhaa, akawa anapiga upya yeye, kwa bando lake sijui. Hakukata hadi mtoto aliponyonya.

Ni yeye pia aliyetukazania mtoto akapimwe macho. Hayapimwi kwa simu. Hospitalini wanatia dawa ya kupanua mboni ndipo waone ndani, na kuchelewa kunaweza kumpofusha njiti. Tulikwenda.

Sasa nitoe nyota ngapi? Nesi tano. Ila nilipoomba miadi yetu yote iwe kwake, nikaambiwa mteja hachagui, utampata aliyepo zamu. Hapo hasira imerudi yote. Mbili. Hapana, moja.

Mwezi ujao tumeshalipia, ndiyo, na msiniulize kwa nini. Akitokea yule wa kwenye gari, nakata simu kabla hajasema mgeuzeni.