Huduma ya kubebewa gari la michezo hadi gereji wakati wa theluji, Minneapolis, Marekani

Klachi ya Mazda MX-5 yangu ilipoanza kuteleza katikati ya Januari, fundi wangu alinikataza kabisa kuipeleka gereji kwa kuiendesha. Alikuwa na haki, kwani matairi yake ni ya kiangazi, na mpira wa aina hiyo huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Ukichanganya na gari jepesi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, barabara yenye barafu haifai hata kujaribiwa. Ndipo nilipoita kampuni moja ya hapa mjini yenye lori la kubebea magari, lile ambalo kitanda chake hushushwa mpaka chini.

Kilichonifanya niwasifu ni kazi ya dereva. Kabla ya kutoka kwao alinipigia simu kuniuliza uvungu wa gari una kimo gani na kama ndoana ya kuvutia bado imo kwenye buti pamoja na vifaa, maswali ambayo madereva wengi huyakumbuka bampa ikiwa imeshakwaruzika. Tundu la kufungia ndoana hiyo limefichwa nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki kwenye bampa, na plastiki iliyopigwa na baridi kali huvunjika upesi. Hakukichokoa kwa bisibisi. Alikiwekea kitambaa alichokuwa amekipasha moto kwenye hita ya lori, akasubiri, kisha akakibandua kwa vidole bila kuacha alama. Akatanguliza mbao mbili mbele ya matairi ili gari lisipande kwa mwinuko mkali, akalivuta kwa winchi polepole mno, na alipomaliza akayafunga magurudumu yenyewe kwa mikanda, wala hakupitisha mnyororo kwenye mikono ya saspensheni. Sijapata kuona gari likishughulikiwa kwa heshima namna ile kwenye baridi inayouma mifupa.

Ofisi yao, kwa bahati mbaya, haimfikii dereva huyo kwa ubora. Muda wa kufika ulibadilishwa mara kadhaa bila maelezo ya kuridhisha, na kwenye ankara nilikuta malipo ya winchi ambayo hayakutajwa tulipokubaliana bei ya kulipakia gari na ya kila maili. Siku ya theluji simu ni nyingi, hilo naelewa, lakini bei ni jambo la kusemwa mapema.

Jambo jingine ni kwamba lori lao liko wazi, kwa hiyo maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, yanayorushwa na magari ya mbele, hulifikia gari hata likiwa juu. Mwenye kujali rangi na chasisi yake aulize mapema kama gereji anakokwenda inaweza kuosha uvungu ndani, mahali penye joto; yangu iliweza, na gari lilioshwa kabla klachi haijaguswa.