Pawa saplai ya kompyuta ya kujiundia: ipi ununue, ipi uiache kwenye rafu

Malalamiko ni yale yale. Mtu kajibana, kanunua prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya Radeon RX 6600, kafunga kila kitu vizuri, Windows imeingia bila shida. Anafungua gemu, dakika kumi haziishi, mashine inazima ghafla na kujiwasha upya. Anabadilisha ramu, anasakinisha Windows mara ya pili, anailaumu kadi. Kwenye kumbukumbu za Windows anakuta Kernel-Power 41, ambayo haimwambii zaidi ya kwamba mashine haikuzimwa inavyotakiwa. Wa mwisho kushukiwa ni pawa saplai, lile boksi la bati la kugawa umeme lililokuja bure na kasha.

Kuhusu prosesa na rangi za feni kila mtu ana la kusema, kwa hiyo hapa ni pawa saplai tu, na hasa mstari mmoja wa stika yake: +12V.

Prosesa na kadi ya picha hula karibu umeme wao wote kwenye volti 12. Namba kubwa ya ubavuni, 500W, ni jumla ya mistari yote, pamoja na 3.3V na 5V ambayo mashine za leo haziihitaji sana. Ligeuze boksi, tafuta +12V, zidisha ampia kwa 12. Ikiwa ni 18A, umenunua wati 216, hata kama nje wameandika 500 kwa herufi za dhahabu. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huandikwa 45A hivi, yaani 540. Stika isiyo na ampia kabisa usiijadili, irudishe.

Sasa hesabu ya mashine yetu: kadi wati 132, prosesa hufika 76, weka 50 za madabodi (bodi kuu), ramu, diski ya SSD na feni. Takriban 260. Wati 550 za kweli zinatosha na chenji inabaki; anayekusukumia 850 anatafuta kamisheni. Ila kadi haili kwa adabu. Huruka juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na hapo ndipo boksi la wati 216 linaposalimu amri.

1. Seasonic Focus GX, 550 au 650. Sifichi, hii ndiyo timu yangu. Ni kampuni ya Taiwan, ipo tangu 1975, na ina viwanda vyake wakati majina mengi makubwa huagiza kwa wengine na kubandika nembo. Waranti ni miaka 10, kwa hiyo utabadilisha madabodi na kadi huku yenyewe ikibaki pale pale. Bei inauma, ndiyo, lakini inauma mara moja. Tahadhari ni moja: waya zake ni za kuchomoa, na usithubutu kuchanganya na za kampuni nyingine. Upande wa kadi na diski plagi ni za kiwango kimoja. Upande wa boksi kila kampuni inapanga pini itakavyo. Waya usio wake unaweza kupeleka volti 12 panapotakiwa 5, na diski ikishakufa hivyo imekwenda na mafaili yako.

2. Corsair CX, 550 au 650. Kwa mwenye bajeti ya kubana, hii inatosha kabisa. Waranti miaka 5. Waya hazichomoki, zitajazana ndani ya kasha kama utumbo, lakini angalau hakuna cha kuchanganya. Ina beji ya 80 PLUS Bronze. Beji hiyo hupima umeme unaopotea kuwa joto, haipimi uimara, kwa hiyo usiifanye sababu ya kununua.

3. Mtumba wa jina zuri. Ikiwa tu waranti haijaisha na waya zake zote za asili zipo.

Zinazokuja na kasha: hapana. Zenye swichi nyekundu ya 115/230: hapana mara mbili. Ni muundo wa zamani, na swichi ikisahauliwa kwenye 115 huku ukutani kuna 230, inalipuka.

Uliza ampia dukani uone. Muuzaji anachukua klipu ya karatasi, anaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24, feni inazunguka: "Si unaona inafanya kazi?" Alichothibitisha ni kwamba boksi linawaka bila mzigo. Redio mbovu nayo huwasha taa.

Ukimwambia halina plagi ya pini 8 ya kadi, anakupa adapta ya kuchukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, bure, kwa tabasamu. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampia 1.5: jumla 4.5, sawa na wati 54. Plagi ya pini 8 imeruhusiwa 150. Kadi yetu ya wati 132, hata sloti ya madabodi ikitoa 75 zake zote, bado 57 zinapita kwenye adapta hiyo, na kwa kawaida sloti haitoi zote. Plastiki itaanza kunuka kabla hujafika levo ya pili.