Mpira wa kulishia namba 8 kwa kilebu mwenye kaakaa lililopasuka

Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, akinyonya na maziwa yakamtoka puani, mpanue mdomo ummulike kwa tochi. Ukiona ufa kaakaani, chupa weka kando: hawezi kufyonza, na maziwa yatampalia hadi mapafuni. Kinachofaa ni mpira wa kulishia watoto njiti, unaouzwa kwenye maduka ya dawa. Haukutengenezwa kwa mbwa, lakini kazi unaiweza.

Namba 5 (kichwa cha kuchomekea bomba la sindano ni cha kijivu, unene milimita 1.7) ni ya kilebu aliye chini ya gramu 300. Wengi huichukua kwa huruma hata kwa mkubwa. Kosa: hujikunja kooni, na maziwa ya unga yenye madonge huiziba. Kuanzia gramu 300 chukua namba 8, ya kichwa cha buluu, milimita 2.7.

Sentimita zilizochapwa juu yake usizitegemee, hufutika kwa kuoshwa. Pima kutoka ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, bandika kipande cha plasta hapo, na upime upya kila baada ya siku chache maana anakua. Mpira ukigoma kabla ya plasta kufika mdomoni, utoe. Umejikunja au umeingia njia ya hewa. Usingoje akohoe. Kilebu wa siku chache hakohoi hata mpira ukiwa pasipofaa. Tumbukiza ncha ya nje kwenye kikombe cha maji: mapovu yakifuatana na pumzi zake, chomoa.

Kadiria mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito. Wa gramu 350 hupata 14, kwa hiyo nunua bomba la sindano la mililita 20, lile la 10 litakulazimu kujaza mara mbili mpira ukiwa tumboni. Alale kifudifudi, kamwe si chali. Maziwa yawe ya nyuzi 38 hivi, yasukumwe polepole kwa dakika mbili, kila baada ya saa tatu. Ukiuchomoa, ubane kwa vidole, la sivyo matone ya mwisho yatadondokea kooni.

Ubaya wake ni plastiki: mafuta ya maziwa na maji moto huifanya ngumu, na mpira mgumu huchubua. Ukianza kukakamaa, tupa. Bei yake haistahili ubahili.

Joto la Mombasa nalo hudanganya. Kilebu aliyelala juu ya vigae chini ya feni hupoa upesi, na akiwa chini ya nyuzi 35 tumbo halisagi. Mpashe joto kwanza. Maziwa yaliyokorogwa yasikae mezani. Ya ng'ombe matupu ni mepesi mno kwake.

Kwa mbwa wa aina ya Bulldog na Pug, wenye pua za kubana tangu kuzaliwa, mpira upite mdomoni tu. Upasuaji wa kaakaa kwa kawaida husubiri miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo nunua mipira kadhaa kwa mkupuo.